Subiri, itashuka

Mwanangu wa pili alizaliwa njiti, wiki ya 33, akiwa na kilo 1.7. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi siku kumi na mbili, nimemfunga kwa kitenge, usiku nikihesabu pumzi zake. Siku tuliporuhusiwa, nesi alikuwa anamfunga pampasi, akaniambia korodani ya kushoto haimo mfukoni. Nilimsikia kwa sikio moja. Mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, anapumua mwenyewe. Nilichotaka ni kutoka pale nikamwonyeshe dada yake. Nesi naye nadhani aliuona uso wangu, akasema kwa upole, "Usijali mama, njiti wengi wanakuwa hivi. Subiri, itashuka."

Nikasubiri miaka miwili na miezi minane.

Simlaumu yule nesi, maana alichosema ni kweli. Kwa watoto wa kiume waliotimiza miezi yao tumboni, kama 3 katika kila 100 huzaliwa korodani moja au zote hazijashuka. Kwa njiti hufika hata 30 katika 100. Na nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Tatizo ni kwamba nilipewa nusu ya maneno. Nusu iliyobaki ni kwamba kusubiri huko kuna mwisho, na mwisho wake ni miezi sita. Korodani ambayo haijashuka mtoto akiwa na miezi sita ni nadra sana kushuka tena. Kwa njiti miezi hiyo inahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, si ile aliyozaliwa. Baada ya hapo anatakiwa aonwe na daktari wa upasuaji wa watoto, na upasuaji ufanyike kabla hajatimiza mwaka, au akichelewa sana mwaka na nusu. Mimi nusu hiyo niliisikia mtoto akiwa anakimbia na kupanda ngazi peke yake.

Mtu ataniuliza: hukuwa unamwogesha? Nilikuwa namwogesha kila siku. Lakini mimi mtoto wangu wa kwanza ni wa kike, na nyumbani kwetu tumelelewa kwamba sehemu za mtoto unaziosha, unazifunika, basi. Kuangalia nilikuwa naangalia. Kushika kwa vidole na kutafuta, sikuwahi. Kliniki nilikwenda kila mwezi bila kukosa. Wanamning'iniza kwenye mizani, wanaandika kilo kwenye kadi, wanamchoma sindano ya pajani, mwingine aje. Hakuna aliyefungua pampasi, na mimi sikusema. Na kikubwa zaidi, mtoto hakuwa anaumwa. Ugonjwa usiouma haukuamshi usiku. Homa ya siku moja ilinikimbiza hospitali mara ngapi sijui. Hili la miaka lilikaa kimya nami nikakaa kimya nalo.

Mwezi wa kumi na mbili baba yake akasema wakati wa likizo mtoto atahiriwe pamoja na mtoto wa shemeji yangu. Tukawapeleka wote wawili kwenye kituo cha afya. Mtoto wa shemeji akaingia, akatoka. Zamu yetu daktari akamlaza mtoto, akaanza kumsafisha, halafu mkono wake ukasimama. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akarudia. Akaweka vifaa vyake chini, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto nani amewahi kumwangalia?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia hafanyi tohara siku hiyo, akaandika barua ya rufaa. Yule daktari namwombea dua mpaka leo, maana angeweza kumaliza kazi aliyolipwa akatuacha tuende.

Kabla sijafika kwenye rufaa nilifanya kosa ambalo wazazi wengi tunalifanya. Mtu alinishauri nianze na utrasaundi mahali fulani jirani ili nikifika kwa bingwa niwe na majibu mkononi. Nikalipa. Karatasi ikaandikwa korodani ya kushoto haikuonekana, na aliyenipa karatasi akanifafanulia kwa neno moja: "Hana." Nikapanda bajaji na neno hilo. Baba yake ni dereva wa malori, alikuwa njiani kuelekea Tunduma. Nikamwambia kwa simu kwa kuficha ficha, maana dereva wa bajaji alikuwa anasikia: "Ile ya kule, wamesema hana." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Atazaa?"

Mama mkwe wangu anaishi nasi, hapa Tandika, Dar es Salaam. Yeye hakukubali kwamba hana. Alisema ni mshipa umepanda, na mshipa uliopanda unashushwa kwa kukandwa. Kila jioni kwa wiki mbili alimkanda mtoto kinena kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, mtoto analia, mimi nimekaa kwenye cherehani najifanya nashona. Sikumzuia. Alikuwa anafanya kwa mapenzi, na mimi sikuwa na cha kumpa badala yake. Lakini kilio kile kinaniuma, kwa sababu hakuna mkono wa mtu unaoweza kuvuta kitu ambacho mishipa yake ni mifupi.

Kwa bingwa wa upasuaji wa watoto, huko mjini, jambo la kwanza nililoliona ni mikono. Alinawa, akaikausha, akaisugua ipate joto. Akamketisha mtoto kitandani amekunja miguu kama anayekula mkekani, akaongea naye habari za magari. Kisha akaanzia juu, kwenye mfupa wa nyonga, akashusha vidole taratibu kuelekea kinena, kama mtu anayetafuta shanga iliyopotea ndani ya shuka. Akarudia amemlaza. Mikono ya baridi na mtoto mwenye hofu, alisema, huifanya hata korodani iliyo salama ipande ikajifiche. Siku hiyo hiyo kwenye benchi kulikuwa na mama mwenzangu ambaye mwanawe ana hiyo ya kupanda na kushuka: kwenye maji ya moto inaonekana, kwenye baridi haionekani. Huyo hakuhitaji kisu, aliambiwa amlete kila mwaka iangaliwe, maana chache kati ya hizo hupanda zikagoma kurudi.

Yetu haikupatikana kwa vidole. Nikatoa karatasi ya utrasaundi. Daktari akaisoma kwa heshima, akaikunja, akanirudishia. "Mama, mashine hii ikisema sijaiona, maana yake haijaiona. Haina uwezo wa kusema hana." Iliyo ndani ya tumbo inaweza kujificha nyuma ya utumbo na gesi, utrasaundi isiikute. Kumbe kipimo kile hata hakitakiwi kwa kawaida kwa tatizo hili, kwa sababu likipatikana jibu au lisipopatikana, kinachofuata ni kile kile.

Akaniuliza, "Mtoto umemleta kwa shida gani hasa?" Nikasema, "Kule." "Kule wapi?" Nikainama. Akasema, "Mama, ina jina. Ukiwa huwezi kulitaja mbele yangu, nyumbani utamfundishaje yeye?" Nikasema korodani. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa sauti mbele ya mtu. Tangu siku hiyo mwanangu analijua kama anavyojua goti.

Alivyonieleza nilielewa kwa kazi yangu. Fundi anapopitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi, anachomeka pini mwanzoni mwa lastiki, anaisukuma ndani ya upindo, inatembea gizani mpaka itokee upande wa pili. Korodani huumbika juu, karibu na figo. Miezi ya mwisho ya mimba hushuka ikiongozwa na utepe wa nyama, ikapita kwenye mfereji wa kinena, ikatua mfukoni. Kwa watoto 8 kati ya 10 wenye tatizo hili, pini imesimama ndani ya upindo: vidole vinaipata kinenani, na upasuaji wake ni mkato mdogo wa kawaida, hauhitaji kamera. Waliobaki ni kama mwanangu, haishikiki. Hapo kuna mambo matatu, na kamera ndiyo inayoamua. Inaweza ikaonekana mishipa inaingia kwenye mfereji, basi wanaifuata huko. Inaweza mishipa ikaonekana inaishia hewani, kama uzi uliokatika, na hapo ndipo mtu anaweza kusema hana: ilikuwepo ikafa tangu tumboni kwa mama. Au inakutwa imekaa tumboni nzima.

Na kwa nini tuhangaike? Mfuko umewekwa nje ya mwili kwa sababu unatakiwa kuwa na ubaridi wa nyuzi mbili mpaka nne chini ya joto la tumbo. Seli zitakazotengeneza mbegu za uzazi zinaharibika kwenye joto, na uharibifu huo unaanza mapema, mtoto hata hajaanza kuongea. Korodani iliyobaki juu pia huja na ngiri mara nyingi, inaweza kujisokota, na ukubwani ina hatari zaidi ya saratani. Mpwa wangu anayesomea uuguzi alinisomea utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2007. Waliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huu. Waliofanyiwa kabla ya miaka 13, hatari yao ya saratani ilikuwa kama mara mbili ya watu wengine. Waliofanyiwa baada ya hapo, zaidi ya mara tano. Saratani yenyewe ni adimu, na daktari alinisisitizia hivyo nisije nikalala na hofu. Lakini mara mbili na mara tano fundi anazielewa tofauti yake.

Swali la baba yake nililibeba nikaliuliza kama lilivyo. Akajibu kwamba mwenye moja iliyokaa vizuri tangu mwanzo, kwa kawaida hupata watoto karibu sawa na wengine. Kazi ngumu ni kwa wale ambao zote mbili hazikushuka. Na akanipa onyo ambalo nalitoa hapa kwa yeyote mwenye kichanga: zote mbili zisiposhikika kwa mtoto aliyezaliwa leo, hapo hakuna miezi sita. Apimwe siku zile zile, kwa sababu kuna ugonjwa wa homoni unaojificha nyuma ya sura hiyo, na unaweza kumpotezea mtoto chumvi mwilini akafariki katika wiki za mwanzo. Nilimpigia baba yake jioni, nikamweleza yote, nikitaja jina. Akasema, "Basi tafuta tarehe."

Bima hatukuwa nayo. Nilikuwa kwenye mchezo wa mafundi wenzangu, zamu yangu ilikuwa ya saba; walinipa ya pili. Sitasahau.

Tarehe ikafika, mafua nayo yakafika. Niliamka saa tisa usiku mtoto anakohoa, kamasi njano. Nikampeleka hivyo hivyo, nikimfuta pua getini ili isionekane. Daktari wa usingizi alimweka kipimo kifuani akasikiliza, akatikisa kichwa: mtoto mwenye mafua mapya njia zake za hewa ni nyepesi kukaza akiwa usingizini, turudi baada ya wiki kadhaa. Nililia pale koridoni. Nauli, njaa ya mtoto, nguo za watu nilizoziacha bila kushona. Sasa najua kwamba kuficha kile kikohozi ndilo jambo la hatari kuliko yote niliyomfanyia. Ukiwa na tarehe ya mtoto na akaanza kukohoa siku mbili kabla, piga simu useme.

Mara ya pili alikuwa mzima. Tuliambiwa asile chakula kwa saa sita kabla. Nikamwamsha usiku wa manane nikamnywesha uji, akalala tena, na alfajiri tukapanda bajaji mimi, yeye na mama mkwe. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nikaruhusiwa kumshika mkono mpaka anusishwe dawa. Nusu kaputi watu wanaiogopa kwa jina tu; mimi nilichoona ni mtoto anahesabu moja, mbili, macho yanazama. Wakiwa wamemlaza humpapasa tena kabla ya kukata, kwa sababu misuli ikilegea wakati mwingine ile iliyokuwa haishikiki inashikika.

Tulikaa kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa na tasbihi, midomo inacheza. Baada ya kama nusu saa akaniambia bila kunitazama, "Kaka yangu alikuwa hivi hivi. Zote mbili." Ni mjomba wa mume wangu, marehemu, aliyeishi Kilwa, aliyeoa mara tatu na hakuacha mtoto. Kila mke aliyeondoka aliambiwa yeye ndiye tasa. "Mama yetu alijua, na mimi nilijua, tulikuwa tunamwogesha. Hatukusema." Sisemi ndiyo sababu, marehemu hakupimwa. Ila nilielewa kwa nini alikuwa anakanda kwa nguvu vile. Nilimshika mkono tukakaa hivyo.

Daktari alitoka na karatasi akachora. Walipitisha kamera nyembamba kitovuni, tundu lenyewe milimita tano, na vitundu viwili vidogo pembeni kwa ajili ya vifaa. Tumbo hulijaza kwanza gesi ya kaboni dioksaidi, linyanyuke kama chandarua kilichotundikwa, wapate nafasi ya kuona. Na waliiona. Imekaa juu, mbali na mlango wa mfereji, hai. "Kwa hiyo anayo," nikasema. Nilikuwa na haja ya kulisikia. "Anayo," akasema.

Kisha sehemu ngumu. Wanapoikuta tumboni huivuta taratibu kuelekea mlango wa mfereji wa upande wa pili wa tumbo. Ikifika pale, mishipa inatosha, wanaishusha siku hiyo hiyo. Ni kama ninavyovuta kitambaa juu ya meza kabla sijakata, nione kama kitafika. Ya mwanangu haikufika. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa mfupi, na nyama haiongezewi kiraka. Kwa hiyo walifanya kitu ambacho nilipokisikia moyo uliruka: waliufunga huo mshipa mkuu, wakaiacha korodani pale pale.

"Itakufa," nikasema.

Akaniuliza naishi wapi. Tandika. "Barabara ya Kilwa ikifungwa kwa ujenzi, watu wa Mbagala hawafiki mjini?" Wanafika, daladala zinapita mitaani. "Basi." Kuna mshipa mwembamba unaofuatana na mrija wa mbegu, unaleta damu kidogo. Ukifunga ile kubwa, mwembamba unapewa kazi, na kwa kama miezi sita unatanuka mpaka unaitosheleza. Hapo ndipo wanarudi na kamera kuishusha kwa kutegemea njia hiyo mpya. Mbinu ya kukata mshipa mkuu ilielezwa mwaka 1959 na madaktari wawili wa Melbourne, Fowler na Stephens, ndiyo maana mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Kamera ilikuja kutumika kutafuta korodani baadaye, mwaka 1976. Hakunificha kwamba si zote zinaishi: kama 8 katika 10 au zaidi kidogo hubaki hai, nyingine hunyauka. Alinieleza hayo kabla hatujatia saini pia, lakini siku ile ya kusaini nilikuwa nasikia na kusahau. Ushauri wangu ni kwenda na mtu wa pili mwenye masikio tulivu.

Watu wakisikia matundu madogo wanadhani jambo lenyewe ni dogo. Kesho yake jioni mwanangu alikuwa anacheza barazani, ana plasta tatu ndogo tumboni. Siku ile ya kwanza alilalamika bega linauma, ikanishangaza, kumbe ni gesi iliyobaki. Majirani wakaja, "Hongera, imeshuka?" Nikawa najibu kwamba bado, ipo huko huko juu, tunasubiri. Wengine walinitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Lakini kusubiri kule hakukufanana na kwa mwanzo. Safari hii nilijua nasubiri nini: mshipa upanuke. Nilijua mpaka lini. Nilichukua chaki ya kuchorea nguo nikaandika tarehe ukutani juu ya cherehani, na kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano naiona. Nililala usingizi.

Upasuaji wa pili ulichukua muda mrefu kuliko wa kwanza. Walirudi kwa matundu yale yale, wakaiachia korodani pamoja na mrija wake na ile damu yake mpya, wakaipitisha kwa njia ya mkato mpaka mfukoni, wakaitengenezea kijifuko chini ya ngozi na kuishonea humo. Tohara nayo ikafanyika ndani ya usingizi huo huo. Hapo mtoto aliumwa kweli, siku tatu za parasetamoli kwa saa bila kuruka. Suruali tuliweka kando, akashinda na kanga ya bibi yake kiunoni. Kwa wiki kadhaa hakutakiwa kupanda baiskeli wala kukalia kitu cha kutanua miguu, na kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, maana mtaa mzima una baiskeli moja na yeye ndiye aliyekuwa zamu.

Miezi sita baadaye daktari alisugua viganja, akapapasa, akauchukua mkono wangu akaniwekea vidole pale. Ndogo kuliko ya kulia, lakini imara, kama punje ya harage. Ipo. Niliambiwa tuendelee kuja ipimwe anavyokua, na akibalehe afundishwe kujipapasa mwenyewe kila mwezi, kwa sababu hatari ya saratani hupungua lakini haiishi, na faida mojawapo ya kuishusha ni kwamba sasa uvimbe ukitokea mkono utauona. Maumivu ya ghafla kinenani au mfukoni pamoja na kutapika, hapo ni kukimbia hospitali saa ile ile, si kesho. Barua zote, pamoja na ule mchoro, ziko kwenye mfuko wa nailoni na cheti chake cha kuzaliwa. Atapewa vyote kwa pamoja.

Mwezi uliopita fundi mwenzangu wa cherehani ya pili alikuja na mtoto wake mgongoni, wa kiume, mnene, anacheka na kila mteja. Nikamwuliza kama amewahi kumshika korodani. Akacheka kwa aibu, akaziba mdomo na khanga. Nikamwambia akamwogeshe na maji ya uvuguvugu jioni, mikono yake iwe na joto, mtoto awe ametulia, apapase taratibu kuanzia kinenani kushuka chini, ahesabu mbili.

Asubuhi alikuja mapema kuliko kawaida yake. Hakukaa. "Ya kulia sijaiona," akasema.

"Alizaliwa kwa miezi yake?"

"Miezi tisa kamili."

Nikamwomba kadi ya kliniki. Tukahesabu pamoja kwa vidole, mtoto katikati yetu anavuta futi yangu. Alikuwa ametimiza miezi minne wiki iliyopita. Nikampa chaki. Akapanda kwenye kigoda chake, akaandika tarehe ukutani chini ya ile ya kwangu, akaipigia mstari.